Jagi la kioo la lita 1: mililita upande huu, vikombe upande ule

Kwa mwenye haraka: linunue, pimia kwa upande wa mililita, na mstari ulioandikwa 1 PT usiuguse mpaka ujue ni painti ya nani.

Ni jagi la kioo kinene, mkono wake ni wa kioo hicho hicho, maandishi mekundu, ujazo lita 1. Nimelinunua kwenye maduka ya vyombo ya Mlandege, hapa Unguja, kwa shilingi 18,000. Kwenye rafu yalikuwapo mengi yanayofanana nalo, kila moja na chapa yake kitakoni, kwa hivyo nitaeleza zaidi namna ya kulisoma na kulijaribu kuliko jina la kiwanda. Mimi napika kwa oda: mikate ya kumimina, keki za harusi na za sikukuu, kaimati mwezi mtukufu. Jagi hili huliosha na kulitumia tena mara nyingi kwa siku, na ninayoyasema hapa yametoka kwenye kazi.

Ukilishika kwa mkono wa kulia unakabiliana na mililita: mistari kutoka 100 mpaka 1000, kila 50 na mstari wake. Ukiligeuza unaona safu tatu zilizobanana: CUPS (vikombe), OZ (aunsi) na PT (painti). Hapana neno lolote linalosema kikombe hicho ni cha nchi gani wala painti hiyo ni ya wapi. Nilimuuliza muuzaji. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, kikombe si kikombe tu?" Simlaumu, maana boksi lenyewe halisemi.

Vikombe viko vingi. Cha Marekani ni mililita 236.6, ingawa kwenye lebo za vyakula vyao huandikwa 240 ili hesabu iwe rahisi. Australia kikombe ni 250 kamili. Wajapani wanapopika hutumia cha 200, na kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja ndani ya sufuria ya umeme ya wali ni 180, kipimo chao cha mchele cha tangu zamani. Basi mtu akikwambia "vikombe viwili" bila kusema zaidi, anaweza kuwa anasema mililita 360 au 500, na kati ya hizo mbili mkate hauwi mkate ule ule.

Namna ya kujua jagi lako limefuata kikombe gani ni hii, na unaweza kuifanya dukani kabla hujatoa pesa. Tafuta mstari wa vikombe 4, kisha zungusha jagi uone upande wa pili unalingana na mililita ngapi. Ukiwa sawasawa na 1000, hicho ni kikombe cha 250. Ukiwa chini kidogo ya 950, hicho ni cha Marekani, kwa sababu vikombe 4 vya Marekani ni mililita 946. Langu liko chini kidogo ya 950. Kuanzia hapo safu nyingine zinajieleza zenyewe: aunsi zake ni za Marekani, mililita 29.6 kila moja, na painti yake ni ya Marekani, aunsi 16, mililita 473.

Na hiyo painti ndiyo lawama yangu kubwa kwa jagi hili.

Huku kwetu painti haikuja kutoka Marekani. Mama zetu na shangazi zetu waliosomeshwa upishi skuli wakati wa Mwingereza waliandika painti ya Kiingereza, ambayo ni aunsi 20 za Kiingereza, si zile za Marekani, na ni mililita 568. Shangazi yangu ana daftari la jalada gumu, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na kila kitu cha majimaji humo kimeandikwa kwa painti na nusu painti. Kastadi yake ya Idi: vijiko viwili vya mezani vya unga wa kastadi, sukari, maziwa painti moja. Mimina maziwa mpaka kwenye 1 PT ya jagi hili, umepunguza mililita 95, yaani karibu sehemu moja katika kila sita. Kastadi itakuwa nzito, itashika ngozi mapema, na utamu utazidi. Kosa halitakuwa la daftari.

Tofauti hiyo ina historia yake, na inafaa kuijua kwa sababu inaeleza pia galoni. Waingereza zamani walikuwa na galoni zaidi ya moja. Moja ilikuwa ya divai, inchi za ujazo 231, iliyowekwa kisheria mwaka 1707 wakati wa Malkia Anne. Wamarekani walipojitenga walibaki nayo, na mpaka leo galoni yao ndiyo hiyo, lita 3.785. Waingereza wenyewe mwaka 1824 wakazifuta galoni za zamani na kuweka mpya: ujazo wa ratili 10 za maji. Hiyo ndiyo lita 4.546. Painti ni thumuni ya galoni kwa wote wawili, kwa hivyo galoni ilipokua Uingereza, painti nayo ikakua. Debe la mafuta ya taa tulilorithi lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na kidogo, ndiyo maana debe la bati la zamani halijazi ndoo yetu ya leo ya lita 20. Na ukipata maelekezo ya sharubati ya harusi kutoka kwa ndugu aliyeko Marekani, yanasema galoni moja ya maji, weka lita 3 na robo tatu. Ukiweka nne na nusu, ladha imekwenda.

Jagi lilitakiwa liwe na mstari mmoja tu wa ziada, kwenye 568. Halina. Mistari ya karibu ni 550 na 600, na jicho hukisia katikati. Nilichofanya ni kupima gramu 568 za maji kwa mzani wa jikoni, nikaliweka jagi juu ya meza iliyonyooka, nikachora mstari kwa nje kwa rangi ya kucha. Rangi ya kucha hustahimili sabuni ya maji vizuri.

Hapo nimegusa mzani, na bila mzani nisingelisifu jagi lolote. Maji ndiyo shahidi wa bei nafuu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mililita moja gramu moja. Kwa joto la Unguja maji huwa mepesi kwa kitu kidogo mno, gramu mbili hivi katika nusu lita, na hakuna jagi la jikoni linaloweza kuonyesha tofauti hiyo. Weka jagi tupu juu ya mzani, rudisha kwenye sifuri, mimina mpaka gramu 500, kisha inama macho yawe sawa na mstari. Maji kwenye kioo hupanda kidogo pembeni na kuzama katikati. Soma pale chini yalipozama, usisome ukingo. Langu kwenye 500 liko sawa. Kwenye 1000 nalo ni sawa. Kwenye 250 linazidi kidogo, upana wa mstari wenyewe. Kwenye 100 silitumii.

Sababu ya kutolitumia kwa vipimo vidogo ni upana wake. Jagi lina kipenyo cha sentimita 10 hivi kwa ndani. Katika chombo chenye upana huo, maji yakipanda milimita moja tu yameongezeka karibu mililita 8, nusu ya kijiko cha mezani na zaidi. Mistari yenyewe ina unene wa karibu milimita moja. Kwa hiyo usomaji mzuri kabisa hapa bado una shaka ya mililita 8. Katika 750 za tui hiyo si kitu. Katika 50 za arki ya vanila hiyo ni balaa. Vipimo vidogo vina vijiko vyake: cha chai mililita 5, cha mezani 15. Angalia tu kama maelekezo ni ya Australia, maana kijiko chao cha mezani ni 20.

Muuzaji alinishawishi nichukue na seti ya vikombe vya plastiki, vinne vilivyofungwa kwa pete: kikombe, nusu, theluthi na robo. Hivyo sivipendekezi. Kwenye mkono wa kile kikubwa imeandikwa "1 CUP" na chini yake "250 ml". Nilikijaza maji mpaka ukingoni na kukipima, yakaja gramu 237. Kwa hivyo ni kikombe cha Marekani kilichovaa jina la mwenzake. Anayefuata maandishi ya mililita atapunguza, na wala hatajua, kwa sababu plastiki inasema kwa herufi kubwa kwamba amepata 250. Chombo cha kupimia kikisema jambo lisilo kweli, ni afadhali kikombe cha chai cha nyumbani ambacho hakisemi kitu. Nimevibakisha kwa kutekea unga kwenye pipa.

Nasema hivyo nikijua kwamba wengi wetu tumepika maisha yetu yote kwa kikombe cha chai na chakula kikawa kitamu. Ni kweli, na kuna sababu. Ukipima kila kitu kwa kikombe kimoja, uwiano haubadiliki: kikombe kikiwa kidogo mkate unakuwa mdogo, basi. Vinavyoharibu ni viwili. Cha kwanza ni vile visivyopimwa kwa kikombe, mayai na hamira ya paketi, ambavyo havipungui kikombe kinapopungua. Cha pili ni kuchanganya vikombe, huyu wa hiki na yule wa kile, na hili ndilo lililomkuta binamu yangu aliyeko Muscat.

Alitaka kupika mkate wa kumimina wa nyumbani kwetu. Maelekezo aliyokuwa nayo, aliyopewa na mama yake kwa simu, yalikuwa: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na robo, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko, ute wa yai, iliki. Mchele akaupima kwa kikombe cha sufuria ya umeme kwa sababu ndicho kinachokaa ndani ya gunia. Tui akalipima kwa jagi lake, ambalo lina vikombe vya Marekani. Fanya hesabu: mchele ukawa mililita 360 badala ya 473, tui likabaki 296 kama lilivyo. Rojo likawa jepesi kama uji wa mgonjwa. Likaumuka, likatoa povu la kupendeza, kisha likalala ndani ya oveni, na mkate ukatoka bapa, umefungamana, bila vile vitundu vinavyotakiwa. Alibadilisha hamira, alibadilisha mchele, alimlaumu fundi wa oveni. Siku nilipomwandikia upya kwa mililita na gramu, mkate ukasimama. Akanitumia picha ya kipande kilichokatwa, vitundu vimejaa toka chini mpaka juu, nami nikaionyesha nyumba nzima.

Tangu hapo kila maelekezo ninayompa mtu nayaandika kwa mililita kwa majimaji na gramu kwa vikavu. Jagi hili ndilo lililonirahisishia kazi hiyo. Nachukua maelekezo ya zamani, napima kwa chombo kilichotumika nyumba ile, naligeuzia upande wa mililita, naandika. Kwa maelekezo ya Kimarekani kwenye simu sihitaji hata kugeuza jagi, kwa sababu namba zimekaa kichwani: robo kikombe 59, theluthi 79, nusu 118, kikombe 237, viwili 473. Ukitaka njia ya mkato, zidisha vikombe kwa 240 kisha uache maji yawe chini ya mstari kidogo.

Kwa unga jagi halifai. Unga hauwezi kusawazishwa ndani ya chombo kirefu, na ukiligonga mezani ushuke unashindiliwa. Kikombe kimoja cha Marekani cha unga wa ngano uliotiliwa kwa kijiko taratibu ni gramu 120 au 125. Ukichota kwa kuzamisha kikombe ndani ya unga unafika 150 kwa urahisi. Pima kwa mzani. Sukari ni gramu 200 kwa kikombe na haina fitina nyingi. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, lita moja ni gramu 920 hivi, kwa hivyo anayeuziwa mafuta kwa kilo na anayeuziwa kwa lita hawapati kitu kimoja.

Kazi moja ambayo sikuinunulia jagi hili, na sasa naona ndiyo iliyonifaa zaidi, ni vibaba. Nyumbani kuna kibaba cha bati cha bibi, kimebonyea upande mmoja. Kwa wasiozoea: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Wazee walipima kwa namna mbili na walitaja ni ipi. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa mpaka punje zikaanza kuporomoka. Muuzaji wa mfuto na mnunuzi wa tele hawakuelewana, na bei ilitajwa kwa kuijua tofauti hiyo. Kikombe cha Kimarekani siku zote ni cha mfuto, kwa hivyo bibi angekielewa mara moja.

Nilitia mchele ndani ya kibaba hicho, nikaumimina kwenye jagi. Kwa mfuto ulifika 650. Kwa tele ulifika 750. Pishi ya tele ya nyumba yetu ni lita 3, basi. Mchele wetu huwa na uzito wa kati ya gramu 800 na 850 kwa lita, kwa hivyo hiyo pishi inakuja kilo mbili na nusu hivi. Ni kiasi kile kile ambacho siku hizi hutajwa kwa zaka ya fitri, pishi moja kwa kila mtu, kilo mbili na nusu. Bibi alikuwa akitoa fitri kwa kibaba hicho, kwa tele, kwa kila kichwa kilicholala nyumbani usiku wa kuamkia Idi, mpaka mtoto mchanga. Hakuwahi kuwa na mzani. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza nilipoona hesabu yake ilikuwa timamu.

Sasa ninapotoa fitri najaza jagi mara tatu mpaka mstari wa lita, kisha naongeza konzi.

Mengine kwa ufupi. Mdomo wa jagi unamimina vizuri, tui halirudi nyuma likachuruzika kwenye kitako. Ni zito, na likijaa shira ya kaimati linataka mikono miwili kwa mtu mwenye viganja vidogo. Maandishi mekundu bado yako wazi, nami silisugui kwa waya wala kwa jivu. Sabuni na sponji laini vinatosha. Kuhusu moto, kioo hiki hakikuja na maelezo kwamba kinastahimili, kwa hivyo shira inayochemka naiacha ipoe kwanza, na jagi lililotoka kwenye friji halipati maji ya moto kamwe.

Lipo pia la nusu lita, shilingi 12,000. Ukiwa unapika peke yako au watu wawili, chukua hilo: ni jembamba zaidi, kwa hivyo vipimo vya 100 na 150 husomeka vyema kuliko kwenye langu. Mwenye familia au mwenye oda achukue la lita 1. Vyovyote vile, kabla hujalipa, ligeuze uone mstari wa vikombe 4 (au 2 kwa lile dogo) unaangukia mililita ngapi. Kwenye lile dogo, vikombe 2 vikiwa chini ya katikati ya 450 na 500, ni la Marekani. Vikiwa 500 kamili, ni la kikombe cha 250. Safu za vikombe na mililita zikiwa haziafikiani na namba yoyote kati ya hizo, rudisha kwenye rafu uombe jingine.